Fedha za Msitu ni Mali ya Mkutano Mkuu

Iko kauli iliyozoeleka mno maofisini, ambayo haina budi kukataliwa waziwazi. Kauli hiyo yadai kwamba mwanakijiji hawezi kukabidhiwa fedha nyingi. Akikabidhiwa atazila, kwa hiyo, ati, ni heri msomi wa mjini amtunzie na kumwamulia. Wasemao hivyo hujiita watumishi wa umma. Kwa hakika wanarudia maneno ya mkoloni, ambayo yamebadili vazi tu.

Mkoa wa Katavi unazo sababu za kuyajua maneno hayo. Reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda haikujengwa kwa mapenzi ya mkoloni kwa Wabende, Wakonongo au Wapimbwe. Ilijengwa ili kusomba madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, faida ilikwisha kwenda zake na wenyeji wakabaki na mashimo. Mali ilitoka ardhini mwao, lakini wao hawakuwa na sauti juu yake.

Leo mali nyingine inatoka Katavi, nayo ni msitu uliosimama. Tangu mwaka 2017 vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vyenye misitu ya milima ya Ntakata, vikiwemo Mwese, Katuma, Lugonesi na Mpembe, vimo katika biashara ya hewa ya ukaa. Msitu usipofyekwa, kaboni hubaki mitini. Kiasi kilichookolewa hupimwa na kuthibitishwa, kisha hununuliwa na makampuni ya nje. Kwa fedha hizo vijiji vimejenga madarasa na zahanati, na vimewalipia wananchi bima ya afya. Kabla yao, Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao wasomi wengi huwatazama kama watu wa kuhurumiwa tu, walikwisha kuionyesha njia hiyo hiyo. Na mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao.

Je, fedha hizi ni hisani? La hasha! Ni ujira. Mwanakijiji ameacha kufungua shamba jipya, ameacha kuchoma mkaa, na vijana wake wanafanya doria mvua na jua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka ardhi hiyo mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 nayo imeufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa mamlaka ya juu kabisa kijijini. Basi bwana mkubwa anayefika na orodha ya miradi iliyokwisha pangwa, akaitisha mkutano ili apigiwe makofi, hawasaidii wananchi. Anawapokonya.

Itadaiwa kwamba wako viongozi wa vijiji waliokula fedha za wenzao. Ni kweli, na wachukuliwe hatua bila huruma. Lakini wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kwamba mali ikipotea, mwenye mali anyimwe daftari! Tena wizi si tabia ya kijijini peke yake. Sheria ya mwaka 2018 ilizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisitishwa kwa sababu ya kasoro, zikiwemo za vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024. Akina mama wenye vikundi vya kweli wakaadhibiwa pamoja na wezi. Na ijulikane kwamba kikundi hewa hakizaliwi kijijini peke yake. Hakina budi kumpata mtia sahihi ofisini.

Chama nacho kina la kujikosoa. Mwaka 1969 kilivunja Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma, ambao wanavijiji wake walikuwa wakilima pamoja na kuamua mambo yao wenyewe. Miaka miwili baadaye Mwongozo wa TANU ukafundisha kwamba maendeleo ya watu hutaka watu wenyewe wafikiri, wapange na watekeleze. Fundisho lilikuwa sahihi. Lilichelewa kuwafikia watu wa Ruvuma. Lisichelewe kuwafikia watu wa Tanganyika.

Wajibu wa mtumishi na mwalimu, basi, ni dhahiri. Mtendaji wa kijiji abandike mapato na matumizi ubaoni, kwa Kiswahili na kwa tarakimu kamili, na ayasome mkutanoni kila miezi mitatu. Mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza usitiwe sahihi kabla ya kusomwa wote kwa lugha ya wananchi. Mwalimu, ambaye ana kalamu na anaaminiwa, awafundishe wanavikundi kutunza hesabu zao, kisha awaachie kalamu hiyo wenyewe.

Mkoloni alichukua risasi bila kuuliza. Mtumishi wa nchi huru anayeamua fedha za msitu bila kuuliza, hata kama hakuiba senti moja, anafuata nyayo zake. Wananchi wa Katavi hawaombi kutunziwa mali. Wanataka daftari lifunguliwe mbele yao.