Mmea Ukipotea, Jina Nalo Hupotea

Kilele cha Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, kina mita 5,109. Lobelia na senesio kubwa za huko zimezoea baridi. Joto likizidi, mimea hiyo haina budi kupanda juu zaidi; lakini mlima una mwisho, na barafu yake inazidi kuyeyuka.

Wenzangu husema hiyo ni kazi ya wanabiolojia. Mimi nakataa. Mimi Mnande, najua jina la lobelia kwa Kilatini, kwa Kinande silijui. Wazee wa Mutwanga, chini ya mlima, wanayajua majina ya mimea mingi. Likizo hii nitawaendea na daftari. Wanafunzi wa lugha, tuyaandike majina hayo wangali hai, wazee na mimea pia.