Diski ya bei kali kwenye mashini ya bei ya chini: kuna faida gani?

Lubumbashi – Watu wengi wanaonunua laptopu hapa mjini wananunua okazyo, mashini iliyokwisha kutumika Ulaya ao Dubai. Baada ya miezi michache mashini inaanza kulala: unaiwasha, unaenda kunywa chai, unarudi bado inazunguka. Fundi anasema, "Tutie SSD." Shida ni kwamba leo SSD yenyewe inaweza kukaribia bei ya mashini.

Bei hiyo haikutoka Kasumbalesa. Toka mwisho wa mwaka 2025, memwari na diski zimepanda bei dunia nzima, juu makampuni yanayojenga vituo vya akili bandia yananunua chipsi kwa wingi na viwanda vinawahudumia wao kwanza. Mwezi wa Desemba 2025, kampuni ya Marekani Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, alama ya memwari na diski iliyojulikana sana kwa wanunuzi wa kawaida.

Basi, mwanafunzi anayeandika TFC yake ao mama mwenye kibanda cha kuchapa na kufotokopi afanye nini?

Kwanza aangalie mashini iko na diski gani. Kama ni ile ya zamani inayozunguka, kubadilisha kuna maana kabisa. Diski hiyo inachukua karibu milisekunde 10 kila mara inapotafuta kipande cha kazi, na Windows inatafuta maelfu ya vipande wakati wa kuwaka. SSD, hata ya bei ndogo, haifikishi milisekunde moja. Ndiyo sababu mashini ya zamani inaonekana kama imefufuka.

Lakini faida hiyo inaletwa na SSD ya kawaida. Ukiongeza makuta upate ile ya mbio sana, faida haiongezeki. Mashini nyingi za zamani ziko na mlango wa SATA, ambao haupitishi zaidi ya megabaiti 600 kwa sekunde. Diski za kisasa zinazoandikwa 7.000 zinatumia mlango mwingine. Kwenye SATA hata haziingii. Na mashini yenye mlango wa NVMe wa kizazi cha 3 itaishia karibu 3.500, hata ukilipa mara mbili. Ni kama kununua gari la mashindano kwa barabara ya mashimo.

Hata hofu kwamba diski ndogo itachoka haraka haina mzizi kwa kazi ya kawaida. Kuna SSD za GB 240 ambazo kiwanda kinaziandikia uwezo wa terabaiti 80. Mtu akiandika GB 20 kila siku, anapitisha miaka 10 kabla ya kuzimaliza.

Kuna pia mashini ambazo diski haitaziokoa. Laptopu ndogo zenye eMMC ya GB 32 ao 64 ziko na hifadhi iliyochomelewa kwenye kadi mama. Nyingi hazina fasi ya kuongeza nyingine. Mashini ya GB 4 za memwari itaendelea kukwama ukifungua kurasa nyingi: hapo memwari, kama inaongezeka, inatangulia diski kubwa. Na toka tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, kwa kawaida, hazikubaliwi rasmi na Windows 11, diski iwe ya dhahabu. Mwenye mashini kama hiyo anaweza kutia Linux, ambayo haimuombi hata franga moja.

Wanaotetea diski ya bei wana hoja moja ya kweli: mashini ikikufa, diski inatoka na kuingia kwenye nyingine. Ni sawa, kama mashini ijayo iko na mlango uleule, na kama mwenyewe anahitaji nafasi hiyo leo. Kazi za maandishi na hesabu hazijazi hata GB 240 kwa haraka.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Tuseme mashini inauzika dola 100 na diski inaombwa dola 80. Afazali kuuza na kuongeza makuta upate mashini ingine. Diski ikiwa dola 30 na ile iliyomo ni ya kuzunguka, usisite.

Ila bei ndogo kupita kiasi nayo ni mtego. Kuna diski zinazoandikwa terabaiti 2 na ndani hazibebi hata sehemu ya kumi. Zinakubali kazi zako, kisha zinazifuta. Kabla ya kulipa, omba fundi aijaze mpaka mwisho na asome tena alichoandika. Na kabla hajafungua mashini, kopi ya TFC iwe kwenye fasi ingine. Diski inanunulika tena. Kazi ya mwaka mzima, hapana.