Kutetemeka Baada ya Upasuaji: Tusitafute Mchawi

Mzee anafanyiwa upasuaji wa ngiri. Kidonda kinapona vizuri, lakini baada ya wiki chache mkono mmoja unatetemeka, hatua zimekuwa fupi, na uso hauonyeshi tabasamu. Hapo maneno huanza: daktari amemharibu, ni ule ugomvi wa shamba, amelogwa. Kumbe huenda ni ugonjwa wa Parkinson, na kwa maoni yangu lawama hizo humwongezea mgonjwa mateso.

Ugonjwa huu, ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, hauji kwa siku moja. Katika ubongo zimo chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda bila kukwama. Chembe hizo hufa polepole kwa miaka mingi, na mkono huanza kutetemeka wakati sehemu kubwa imekwisha kufa. Kabla ya hapo mtu huweza kupoteza uwezo wa kunusa, kupata choo kigumu, au mwandiko wake kuwa mdogo, na hakuna anayejali.

Basi upasuaji au huzuni hufanya nini? Hufichua. Mwili uliokuwa ukijikaza unachoka, na kilichofichika kinajitokeza. Hata mgonjwa wa siku nyingi hutetemeka zaidi akiwa na hofu au hasira, na hupata nafuu akitulia.

Lakini tuangalie pia dawa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na haloperidoli wanayopewa waliochanganyikiwa, huzuia kazi ya dopamini. Zinaweza kuleta kutetemeka na kukakamaa hata kwa asiye na Parkinson, na mara nyingi hali hiyo hupungua daktari akizisimamisha. Kwa hiyo kabla ya upasuaji mwambieni daktari kama mgonjwa hutetemeka au amekuwa mzito wa kutembea. Anayetumia levodopa aende nayo hospitalini, wala asiikatishe ghafla. Ulizeni ataimeza saa ngapi siku hiyo.

Dawa ya kuuondoa kabisa ugonjwa huu haijapatikana, ila zipo za kumwezesha mzee kushika kijiko na kutembea tena. Apelekwe hospitali mapema. Na ule ugomvi wa nani alaumiwe ukomeshwe nyumbani, maana mzee anausikia, na kila anapousikia mkono wake unazidi kutetemeka.