Kabla ununue vidonge vya vitamini D juu ya chunusi

Siku hizi ukifungua simu lazima ukutane na mtu ameshika chupa ya vidonge, anakwambia chunusi zako zimetoka juu huna vitamini D. Meza mwezi mmoja, uso utakuwa laini kama yai. Na wengi wenu mnaniuliza: hii ni ukweli ama ni biashara?

Ni vyote viwili. Uhusiano upo, lakini si ule unauziwa. Na kwa mtu anayeishi huku kwetu Kericho na Bomet, hiyo chupa inafaa kuwa kitu cha mwisho kununua, si cha kwanza.

Kabla mniulize nilisomea wapi udaktari: sikusomea. Chuo niliacha. Kusoma sikuacha.

Tuanze na upande wa muuzaji, tusimwonee. Mwaka wa 2016 watafiti wa Korea Kusini walichapisha utafiti kwenye jarida la PLOS ONE. Walipima damu ya watu 80 wenye chunusi na wengine 80 wasio nazo. Wenye chunusi, asilimia 48.8 walikuwa na upungufu wa vitamini D. Wasio na chunusi, asilimia 22.5. Kisha wakachukua watu 39 wenye chunusi na upungufu, wengine wakapewa yuniti 1,000 kila siku kwa miezi miwili, wengine wakapewa vidonge vitupu. Kwa waliopewa vitamini, chunusi zilizovimba zilipungua kwa asilimia 34.6. Kwa wale wengine, asilimia 5.8.

Muuzaji hukata video hapo. Mimi naendelea.

Kwanza, ni watu 39. Hao hawajai hata matatu tatu. Pili, wote walikuwa na upungufu tayari. Kama damu yako iko sawa, huo utafiti haukuzungumzia wewe. Tatu, vitu viwili kuonekana pamoja haimaanishi kimoja kimezaa kingine. Fikiria dem wa miaka 17 mwenye uso umejaa chunusi. Atashinda wapi likizo? Kwa nyumba. Akitoka, kofia na maski. Sasa ukimpima ukute vitamini D iko chini, utasema ukosefu wa jua ulileta chunusi, ama chunusi ndizo zilimfungia ndani?

Sasa angalia tunapoishi. Korea kuna majira ya baridi, jua linakaa chini kabisa. Sisi tuko karibu na ikweta, na Kericho iko kama mita 2,000 juu ya bahari. Miale ya jua inayofanya ngozi itengeneze vitamini D tunayo mwaka mzima, na ukiwa juu hivi ina nguvu zaidi. Mwaka wa 2012 kulichapishwa utafiti wa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi nje kama mababu zao. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Kiwango ambacho wengi hukiita upungufu ni chini ya 50. Hakuna aliyewauzia chupa.

Lakini usidhani kuwa Mwafrika kunatosha. Uchambuzi uliotoka mwaka wa 2020 kwenye jarida la Lancet Global Health, ukikusanya tafiti kutoka Afrika nzima, ulikuta karibu thuluthi moja ya waliopimwa wako chini ya 50. Na watu wa mjini walikuwa chini kuliko wa mashambani. Hiyo naielewa vizuri. Mama anayechuna majani chai yuko nje asubuhi mapema, kikapu mgongoni. Mtoto wake yuko kwa bedsita mjini, pazia limefungwa, anarekodi video mbele ya taa ya duara. Hiyo taa haitoi vitamini D, wasee. Hata jua la dirishani halisaidii, kioo kinazuia ile miale yenyewe.

Kwa hivyo toka nje. Huku mvua hupenda kuja mchana ukielekea jioni, basi tumia ile saa nne hadi saa sita jua likiwa limewaka. Kunja mikono ya shati. Si lazima uchome uso: mikono na miguu inatosha, na uso upake losheni ya kukinga jua, kwa sababu kwa ngozi nyeusi jua ndilo huzidisha yale madoa yanayobaki chunusi ikipona. Kula mayai na samaki.

Na chunusi zenyewe? Homoni zinaambia ngozi itoe mafuta mengi, vitundu vinaziba, bakteria wanashamiri humo, panavimba. Kuna dawa za hiyo kazi zilizojaribiwa kwa miaka mingi: benzoili peroksaidi, na adapalini (hii si ya mwenye mimba). Uliza mfamasia, anza na kidogo, na uvumilie wiki 6 hadi 12. Usifinye. Na ile krimu ya kuchanganywa isiyo na jina, inayong'arisha uso kwa siku tatu, kimbia. Nyingi huwa na steroidi, na steroidi zenyewe huleta chunusi.

Najua mtu atasema, "Si vitamini tu? Itadhuru nini?" Ukizidisha yuniti 4,000 kwa siku kwa muda mrefu bila daktari, kalsiamu inaweza kupanda kwa damu na figo zikaumia. Lakini hiyo si hasara inayoniuma zaidi. Inayoniuma ni muda. Ile miezi unangoja chupa ifanye muujiza, chunusi kubwa zinaendelea kuchimba, na shimo likishachimbwa usoni hakuna kidonge cha kulijaza. Halafu hiyo pesa, mara nyingi, ni ya mzazi aliyelipwa kwa kilo. Hesabu ni kilo ngapi za majani ziko ndani ya hiyo chupa.

Kuna wanaohitaji vidonge kweli. Kama hutoki kabisa, au unajifunika mwili wote kila siku, au mifupa inauma, nenda hospitali upimwe damu. Ukikutwa na upungufu, meza kama ulivyoambiwa. Hiyo ni tiba. Kumeza kwa sababu mtu kwenye simu ana ngozi nzuri ni kumlipia bando.

Kama kuna mtu wako amejifungia kwa nyumba juu ya uso wake, usimtumie jina la dawa. Mpitie kesho saa nne, mtembee.