Mtoto mgeni wa PP1 asiachwe getini

Mwezi wa kwanza shule zinafungua tena. Vijana wengi hapa wanaongea mambo ya mtihani na ya nafasi za sekondari, na ni sawa. Sisi leo tunataka kuongea juu ya wale wadogo wa miaka minne na mitano, wanaopelekwa chekechea kwa mara ya kwanza wakati familia zao hazijamaliza hata mwezi kwenye nyumba mpya. Hawa hakuna mtu anawaandikia.

Kuna neno moja tumelichoka: "Atazoea." Mama anauliza kwa nini mtoto wake analia kila asubuhi, anaambiwa atazoea. Mwalimu akiulizwa mbona huyu haongei, jibu ni lile lile. Na ni kweli, wengine wanazoea. Lakini wengine wanakuja siku tatu, wanne hawarudi, na hakuna anayewafuata, kwa sababu kwenye darasa la watoto zaidi ya mia moja nani atajua kwamba mmoja amepungua? Unakuja kumuona tena ana miaka saba au nane, anabeba jerikeni.

Fikiria safari ya huyo mtoto. Ametoka Fizi au Uvira, akapita Uganda, au ametoka Kapoeta akavukia Nadapal. Amelala resepsheni pale Kakuma, sehemu ya watu wengi, wiki kadhaa. Halafu wakapakiwa tena kwenye gari kuletwa Kalobeyei. Hii ni nyumba yake ya tatu au ya nne, na hajatimiza miaka mitano. Wazazi wako kwenye foleni: leo karatasi, kesho chakula, keshokutwa sijui alama za vidole. Kwa hiyo asubuhi ya shule mtoto anapewa dada yake wa miaka tisa ampeleke. Dada naye ni mgeni, ana darasa lake la kutafuta. Anamwacha getini na kumwambia "ingia". Aingie wapi?

Sisi tuliopita hapo mara nyingi asubuhi tunajua mambo matatu yanayomshinda mtoto kabla hata ya kuanza a-e-i-o-u.

Kwanza ni jina. Nyumbani anaitwa Bahati. Kwenye karatasi ameandikwa jina la babu yake, na afisa aliyeliandika alilisikia vibaya kidogo. Mwalimu anasoma rejista, anaita lile jina la karatasi mara tatu, mtoto amekaa pale mbele anamwangalia tu. Anaandikwa hayupo. Ikipita muda jina linafutwa, na mtoto alikuwa darasani! Hii si hadithi ya kuchekesha, imetokea zaidi ya mara moja.

Jambo la pili ni kikombe. Siku uji upo, kila mtoto anakuja na kikombe chake. Mgeni hajaambiwa. Anasimama kwenye mstari, anafika mbele mikono mitupu, anasukumwa pembeni. Tangu mwaka 2025 msaada wa chakula upunguzwe na kaya zigawanywe kwa kategoria, sote tunajua uji wa shule ni nini kwa nyumba nyingine. Mtoto aliyekosa uji siku mbili kwa sababu ya kikombe cha plastiki haoni sababu ya kurudi siku ya tatu, na wewe pia usingeiona.

Na kingine ni choo. Hajui kiko wapi, na hajui neno la kuombea ruhusa. Mengine tunawaachia mmalizie wenyewe. Tunasema tu kwamba mtoto aliyechekwa na darasa zima kwa jambo hilo, kumrudisha ni kazi ya mwezi.

Ukiangalia vizuri, yote matatu yanahusu lugha, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Utaratibu wa Kenya unasema mtoto wa PP1 na PP2 afundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Ni utaratibu mzuri. Ukiwa Lodwar utasema lugha ya eneo ni Kiturkana, yameisha. Sasa tuambieni, lugha ya eneo la Kalobeyei ni ipi? Hii settlement ilifunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji watumie shule na hospitali pamoja. Kwenye darasa moja unakuta Mturkana, Mdidinga, Mlotuko, Mdinka, Mrundi, Mbembe, Mfuliiru, Msomali na Moromo. Mwalimu anachagua anachoweza yeye. Kama ametoka Sudan Kusini ataingiza Kiarabu cha Juba, kama ni mwenyeji ataingiza Kiturkana, na vyote vinachanganywa na Kiingereza na Kiswahili. Hatumlaumu. Angefanya nini?

(Kwa bahati wako wanaopata nafuu bila mtu kupanga. Mtoposa kutoka Sudan Kusini anasikilizana na Mturkana karibu siku ile ile, lugha zao ni ndugu. Tumewaona wakigombania mpira kama watu waliozaliwa boma moja.)

Watu wanadhani sisi Wakongomani hatuna shida hiyo kwa sababu tuna Kiswahili. Si kweli. Mtoto wa Kivu anasema "Mwalimu, minataka mai," wenzake wanaanguka kwa kicheko. Anaita daftari "kaye", kalamu anaita "biki", na akisema anaenda masomo maana yake anaenda shule. Anasahihishwa kila anapofungua mdomo, mpaka anaamua kuufunga. Halafu mwalimu anamwambia mama, mtoto wako ni mzito. Huyo mzito ukimfuata jioni kwenye bloki yao utamkuta anapanga timu, anahukumu ugomvi, anaimba mpaka majirani wanamnyamazisha. Tunasema wazi: Kiswahili cha Kongo ni Kiswahili. Mtoto atajifunza hiki cha hapa, tena haraka, ila asijifunze kwa kuona aibu ya hicho alichokuja nacho.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kila mtoto mgeni wa chekechea, siku zake kumi za kwanza za shule, awe na mtu mmoja anayesikia lugha yake ndani ya darasa au nje ya mlango. Awe kijana, awe mama, awe shangazi. Chekechea inaisha kabla ya jua kali, kwa hiyo ni asubuhi tu. Kazi yake si kufundisha. Anamwambia mwalimu, huyu nyumbani anaitwa Bahati, na anamzoesha Bahati kuitikia lile jina la karatasi. Anahakikisha kikombe kipo. Anamwonyesha choo mara mbili, si mara moja. Anampa mwalimu maneno matano ya lugha ya mtoto: maji, choo, unaumwa wapi, mama anakuja, njoo hapa. Na mtoto anapewa hayo hayo kwa Kiswahili cha shule. Mchana anatembea naye mpaka nyumbani ili ajue njia, hasa pale njia inapokata laga, na amwambie kabisa kwamba mvua ikinyesha hata mbali huko milimani, kwenye laga hapiti bila mtu mkubwa.

Muhula uliopita wanne kati yetu walijaribu kwenye shule moja. Hatutawadanganya kwamba ilikuwa miujiza. Kuna mvulana alilia siku tisa, siku ya kumi familia yake ikahamia Kakuma kwa ndugu, hatujui aliendelea au la. Kuna mwalimu aliyetuambia tunamkalia kama wapelelezi, akatutoa mpaka chini ya mti. Lakini tukiwa chini ya mti pia kazi ilifanyika, na wiki ya pili yeye mwenyewe alimtuma mtoto kumwita mwenzetu: "Njoo uniambie huyu anasema nini." Wengi wa wale watoto bado wanaenda.

Sasa tujibu wanaotupinga, maana wapo, tena wengine ni marafiki zetu.

Walimu wanasema mtoto akimuona mtu wa kwao dirishani analia zaidi, heri aachwe. Kwa siku mbili tatu ni kweli analia zaidi. Ila tofautisheni kulia na kuogopa. Mtoto anayelia huku anajua nani atamchukua saa sita, huyo anazoea. Anayenyamaza kwa sababu amekata tamaa, sisi huyo ndiye anatutia wasiwasi. Na hapa tuna neno na wazazi wetu, mama zetu msikasirike: msiwatoroke watoto. Mama anasema "nakuja sasa hivi, naenda kununua mandazi," kumbe ameenda zake. Watoto hawa wako ambao baba alisema anarudi sasa hivi na hakurudi mpaka leo. Mwambie ukweli. "Naenda. Jua likifika hapa nitakuja." Akilia, alie, lakini uje kweli jua likifika hapo.

Akina baba wengi wa kwetu wanasema chekechea ni kucheza tu, asubiri afike miaka sita aanze shule ya kweli. Tunaelewa hiyo inatoka wapi. Kongo, chekechea ilikuwa ya watu wa mjini wenye pesa. Vijijini mtoto alianza moja kwa moja mwaka wa kwanza. Na tangu 2019 serikali ilipofanya shule za msingi za umma kuwa bure, chekechea haikuingizwa humo. Lakini baba, hapa ni Kenya. Gredi ya 1 ya hapa inamhesabia mtoto kwamba amepita PP1 na PP2, anashika penseli, anajua herufi, anafuata mwalimu anachosema. Yule wa kwako akiingia bila hayo anarudishwa chini. Tumeona msichana wa miaka tisa amekaa kwenye kiti cha PP2, magoti yanagusa kidevu, watoto wanamwita mama. Alivumilia wiki ngapi, hatukuhesabu, ila hazikuwa nyingi. Sasa analea wadogo zake. Huko kucheza mnakokudharau ndiko kungemwokoa.

Halafu kuna vijana wenzetu. Ninyi mnauliza, insentivu iko wapi? Hatuwezi kufanya kazi ya bure wakati wengine wanalipwa. Hili ni swali la haki na hatulidharau, maana hata walimu wakimbizi wanapewa insentivu ndogo sana ukilinganisha na mshahara wa mwenzao Mkenya wa darasa la pili yake. Sisi wenyewe tunasema mashirika yaliangalie. Ikija bajeti, mtu wa lugha awemo, alipwe. Lakini tukisubiri bajeti, mtoto wa miaka mitano mwakani ana sita. Asubuhi kumi si kazi ya kuajiriwa. Wengi wetu saa mbili asubuhi tuko wapi? Tuko chini ya mathenge na simu, tunatafuta chaji.

Kwa shule tunaomba kitu kidogo: mturuhusu kuingia. Tuandikeni majina kwenye kitabu cha wageni, tuonyesheni sheria zenu za kulinda watoto na tutaweka sahihi, mtukatae yule msiyemwamini. Asiwepo mtu mzima anayekaa na mtoto peke yake, hiyo sisi wenyewe tunaitaka. Lakini geti lisifungwe kwa sababu tu "si utaratibu".

Na kwa wenyeviti wa bloki, ninyi ndio mnajua kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba gari limeleta familia mpya. Mkishawaonyesha bomba na choo, ulizeni swali moja zaidi: kuna mtoto wa miaka minne, mitano? Anaongea nini? Kisha mtutumie ujumbe.

Kwa sasa hesabu yetu iko hivi. Kirundi na Kinyarwanda tuna watu. Kibembe, Kifuliiru na Kiswahili cha kwetu wapo wengi, hapo hakuna shida. Kiarabu cha Juba tuna wawili, Kisomali mmoja, dada ambaye ana mtoto mchanga kwa hiyo haji kila siku. Moromo mmoja ameahidi. Kididinga na Kilotuko hatuna hata mtu, na magari mengi ya mwezi uliopita yameleta hao. Kama unaongea mojawapo na asubuhi huna kazi, mwone mwenyekiti wa bloki yako kabla ya Jumatatu ya kufungua. Kikombe cha ziada kama unacho, njoo nacho.