Kushindwa Si Kudhulumiwa



Limezuka neno katika vinywa vya vijana wachezao michezo ya mashindano kwa njia ya intaneti, nalo ni "nimedhulumiwa". Kijana akipigwa na mwenziwe, hasemi, "Leo nimeshindwa." Husema, "Yule hajui kucheza. Anarudia pigo lile lile. Anajificha pembeni akinivizia. Huo si uungwana." Kisha huandika matusi na kudai mwenziwe afukuzwe. Ukimuuliza, "Amevunja kanuni gani?" hapo ulimi huwa mzito.

Dhulma ni neno zito. Maana yake ni kumnyima mtu haki yake. Basi aliyekushinda kwa pigo linaloruhusiwa, ambalo hata wewe ulikuwa na uwezo wa kulitumia, amekunyima haki gani? Ushindi haukuwa mali yako hata useme umenyang'anywa.

Kilio hiki kilianza kabla ya intaneti kuenea. Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa Street Fighter II, na watu wakapambana wawili wawili mbele ya mashine za kutumbukiza sarafu. Humo mchezaji huweza kumsogelea mwenziwe anayejikinga, akamkamata na kumbwaga. Wengi waliobwagwa walisema hiyo ni hila ya kinyonge. Lakini hebu tuzingatie: kinga huzuia ngumi na teke, haizuii kubwagwa, na kama kubwaga kusingekuwako, mtu angeweza kujikunyata nyuma ya kinga yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye kulalamika kabwagwa analalamika kwa kuwa mwenziwe hakuucheza mchezo alioutunga yeye kichwani mwake. David Sirlin, Mmarekani aliyeshindana sana katika michezo hii, amewaandika watu wa namna hiyo: wamejifunga kwa kanuni walizojitungia, kisha wanataka na wengine wafungwe nazo.

Je, tunasema kila kisichokatazwa ni chema? La hasha! Ziko hila zinazouharibu mchezo wenyewe. Katika Super Street Fighter II Turbo, mchezo wa mwaka 1994, yumo mpiganaji aitwaye Akuma ambaye nguvu zake zilipita kiasi, na katika mashindano ya Marekani akakatazwa. Lakini angalia njia iliyofuatwa. Hakukatazwa kwa hasira za mtu mmoja aliyepigwa. Alikatazwa kabla ya pambano, na kwa wote.

Tazama pia yaliyotokea Novemba 2014 huko Jönköping, Sweden, katika mashindano ya Counter-Strike yaitwayo DreamHack Winter. Timu ya Fnatic ilikuwa nyuma sana mbele ya LDLC ya Ufaransa. Wachezaji wake wakapandana mabegani hadi wakafika mahali pasipokusudiwa kukanyagwa, wakawa wanawaona maadui kutoka juu, na wakashinda.  LDLC walipeleka mashtaka kwa waamuzi, wakaonyesha kanuni iliyovunjwa. Fnatic nao wakashtaki, na ikaonekana hata LDLC walikuwa wamepanda mahali pasiporuhusiwa. Waamuzi wakaamua mchezo urudiwe wote, Fnatic wakajitoa. Hayo ndiyo malalamiko yenye miguu: yana kanuni, yana ushahidi, na mwenye kushtaki yu tayari kupimwa kwa mizani ile ile.

Udhalimu wa kweli upo, tena mwingi. Yuko atumiaye programu ya udanganyifu imwonyeshe adui aliye nyuma ya ukuta. Yuko bingwa afunguaye akaunti mpya ili apangwe na wanagenzi, awaponde. Yuko akataye mtandao makusudi aonapo anashindwa. Hao wana haki ya kushtakiwa. Lakini nani atasikia mashtaka hayo, ikiwa mchana kutwa kila aliyefungwa anapiga yowe lile lile? Kilio cha uongo humziba masikio hakimu, na aumiaye ni mdhulumiwa wa kweli.

Wala ubaya huu haukomi kwenye kioo cha simu. Aliyezoea kuona kila mshindi ni dhalimu, akianguka mtihani atasema mwalimu kamwonea; akikosa wateja sokoni atasema jirani kamroga. Mtu huyo hajifunzi kitu, kwa kuwa haoni kosa lolote la kurekebisha.

Basi, ewe kijana, ukishindwa jiulize mambo matatu kabla ya kuandika neno. Kwanza, ni kanuni gani iliyovunjwa? Pili, ushahidi wangu ni upi? Tatu, ningefanya nini ili nisipigwe? Ukiyajibu mawili ya kwanza, peleka mashtaka kwa adabu. Ukikosa majibu yake, shughulika na la tatu, kwani humo ndimo limo fundisho lako. Wazee wamekwisha kutuambia: asiyekubali kushindwa si mshindani.