Mnyororo Usingojewe Mpaka Ukatike



Katika mwambao wa Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge na Kashikishi kuelekea kaskazini upande wa Chiengi, pikipiki ni chombo cha kazi kama jembe na panga. Humpeleka bwana shamba vijijini, humpeleka mhudumu wa afya kwa wagonjwa, humpeleka tarishi na msimamizi. Nchi nyingine zina pikipiki zinazovutwa kwa mkanda wa mpira. Hizi zetu za kazi huvutwa kwa mnyororo, au cheni kama wengi tunavyoiita. Mnyororo huo ubadilishwe lini, na nani aamue?

Mimi nilipata kuwa tarishi wa mwajiri mmoja katika sehemu hizi. Mara mbili nilimwambia kuwa mnyororo umekwisha. Alinijibu, "Si bado unazunguka?" Siku chache baadaye ulikatika njiani, ukajikunja penye sproketi ya mbele na kupasua ganda la injini. Nilisalimika kwa kuwa nilikuwa nakwenda polepole mchangani. Mwisho wa mwezi bei ya mnyororo mpya ilikatwa katika mshahara wangu.

Kosa langu lilikuwa moja: nilisema "umekwisha" bila kipimo. Mfanyakazi asiye na kipimo hushindwa mapema mbele ya meza ya mkubwa. Basi tujifunze.

Kulegea peke yake si ugonjwa. Mnyororo uliolegea hukazwa kwa kusogeza ekseli ya nyuma, kazi ikaendelea. Lakini ziko dalili nne zinazoonyesha kuwa siku zake zimetimia.

Kwanza, urefu. Chuma hakivutiki kama mpira. Pini na bushi zake ndizo zinazolika, na kila pingili huongeza unene wa unywele. Pikipiki nyingi za cc 100 na 125 zina mnyororo ambao nafasi kati ya pini na pini ni milimita 12.7. Vuta mnyororo unyooke, hesabu pini 21, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya mwisho. Mnyororo mpya utakupa milimita 254. Ukifika 259, umelika asilimia mbili, usingoje zaidi.

Pili, ukiushika nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuuvuta, usiachane na meno. Ukionyesha nusu ya jino, umekwisha.

Tatu, zungusha gurudumu polepole kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Ikiwa mnyororo unakaza mahali pamoja na kulegea mahali pengine, umelika bila usawa, na hakuna namna ya kuukaza vizuri.

Nne, tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka na kupinda kama ndoana, badilisha mnyororo na sproketi zote mbili kwa pamoja. Mwajiri anayenunua mnyororo peke yake na kuufunga juu ya meno mabovu anadhani ameokoa fedha, kumbe ule mpya utaliwa upesi naye atarudi dukani.

Wenye pikipiki kama Yamaha AG100, ambayo mnyororo wake umefunikwa kote, wasidanganyike. Kifuniko huzuia mchanga, lakini huficha ubovu pia. Sharti kifunguliwe.

Ndugu wa viwandani na wa mashine za kusaga, mkanda wenu una sheria ile ile. Ukipasuka mbavuni, ukitoa nyuzi, au ukizama mpaka ukagusa chini ya mfereji wa puli, haufai tena. Na asiuguse mtu kabla mashine haijasimama kabisa.

Sasa, nani alipe? Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 1981 na kuridhiwa na Zambia mwaka 2013, unasema kuwa hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya Zambia, Namba 36 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri aweke mitambo katika hali ya usalama. Na penye wafanyakazi 10 au zaidi aunde kamati ya afya na usalama. Chombo ni cha mwajiri na faida ni ya mwajiri. Mnyororo nao ni wake.

Wengine watasema vipuri ni ghali na duka liko mbali. Ni kweli. Lakini injini iliyopasuka ni ghali zaidi, na mguu wa mtu hauuzwi dukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na sisi tusijifanye malaika. Wengi wetu humwaga oili juu ya mchanga uliokwisha kuganda katika mnyororo. Mchanga wa ziwani ukichanganyika na oili huwa tupa ya kusaga chuma. Safisha kwanza, kausha, ndipo utie oili. Huo ni wajibu wetu, wala hauhitaji ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo nashauri kila tawi lipeleke mambo matatu mbele ya kamati: mnyororo upimwe kila mwezi na kipimo kiandikwe daftarini, anayeiendesha pikipiki akiwapo na kutia sahihi, mnyororo mmoja wa akiba na sproketi zake viwekwe stoo, na pikipiki iliyofika kipimo cha mwisho isitoke getini, hata kama mkubwa ana haraka.

Mkubwa akiuliza, "Si bado unazunguka?" tumfungulie daftari, tumwonyeshe 259.